Maji ya Kuku Katika Nchi ya Barafu

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku, na ili chakula hicho kilainike, kishuke na hatimaye kigeuke yai, hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili yake. Hiyo ni takriban robo lita. Yai lenyewe, ukiliondoa ganda, robo tatu yake ni maji. Ndiyo maana kuku aliyekosa maji asubuhi huacha kula mchana, na aliyekosa siku nzima hupunguza kutaga kwa siku nyingi zinazofuata. Ukimnyima zaidi ya hapo anaweza kunyonyoka manyoya na kusimamisha mayai kabisa. Mfugaji wa Dodoma analijua jambo hili kwa sababu ya joto. Mfugaji wa Minnesota, Maine au Quebec analijua kwa sababu ya barafu: anajaza chombo, anakwenda kazini, na kabla ya adhuhuri kuku wake wanadonoa kitu kigumu.

Suala hili si la wageni peke yao. Familia nyingi zilizotoka Kongo, Rwanda na Burundi zimehamia miji ya Maine kama Portland na Lewiston, na mtu aliyekulia penye kuku uani hachukui muda mrefu kuwatafuta tena. Mayai nayo yamewasukuma wengi. Machi 2025 bei ya wastani ya dazani moja nchini Marekani ilifika dola 6.23, baada ya mafua ya ndege kuangamiza mamilioni ya kuku wa mayai. Watu waliokuwa hawajawahi kushika kuku walijenga mabanda madogo nyuma ya nyumba zao, wakaletwa uso kwa uso na Januari.

Ushauri wanaokutana nao ni mwingi, na sehemu kubwa ya ushauri huo inaanza na swali ambalo halikuchunguzwa: maji yafanyweje yasigande usiku na mchana? Lakini kuku hanywi usiku. Giza likiingia hupanda kwenye kitulio na hashuki hadi kupambazuke, maana gizani haoni vizuri. Mjini Minneapolis, mwishoni mwa Desemba, mchana mzima haufiki muda wa saa tisa. Ndani ya muda huo kuku hunywa zaidi nyakati mbili: anaposhuka asubuhi, na kabla hajapanda jioni. Kwa hiyo kazi halisi ni kuhakikisha kuna maji ya majimaji katika saa hizo chache. Ukilikubali hilo, njia nyingi zinazosifiwa zinapungua thamani, na baadhi ya zile zinazodharauliwa zinapanda.

Tuanze na maji yenyewe. Kuipoza lita moja kutoka nyuzi 20 hadi sifuri kunahitaji kuondoa kilojuli 84 za joto. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe barafu yote, bila kushuka hata nyuzi moja zaidi, kunahitaji kuondoa kilojuli 334, yaani mara nne. Maji basi yana ukaidi mkubwa wa asili dhidi ya kuganda, na mfugaji anayo sababu ya kuwa na matumaini. Tatizo ni kwamba kuku hazuiwi na ndoo iliyoganda hadi chini. Anazuiwa na utando mwembamba wa juu. Maji huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzi 4, na yale yanayozidi kupoa hubaki juu, kwa hiyo barafu huanzia palepale panapoingia mdomo. Chini ya utando kunaweza kuwa na lita kumi za maji mazuri yasiyomfaa mtu.

Kutoka hapo tunaweza kupima mbinu za kienyeji. Ya kwanza kutajwa huwa ni chumvi, kwa kuwa kila mtu ameona inavyoyeyusha barafu barabarani. Ili maji yasigande kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ungehitaji gramu zipatazo 160 za chumvi kwa kila lita, zaidi ya mara nne ya chumvi iliyomo baharini. Kuku ni dhaifu mbele ya chumvi. Maji hayo yatamuua. Sukari guru na siki hazimuui, ila kwa kiasi ambacho kuku anaweza kuvumilia hazishushi kiwango cha kuganda kwa namna ya kutegemewa, na siki hula mabati ya chombo. Wengine hujaza maji ya chumvi kwenye chupa, wakaifunga vizuri na kuiacha ielee ndani ya ndoo. Chupa hiyo haitoi joto lolote. Inachofanya ni kutikisika kwa upepo na kuvunja utando unaoanza kufungwa, kazi ileile inayofanywa na mipira midogo ya tenisi ya mezani inayoelea. Nje penye upepo, baridi ikiwa nyepesi, husaidia kidogo. Ndani ya banda, ambako tunajitahidi kuzuia upepo usiwapige kuku, haina wa kuitikisa.

Pana mbinu ya kumimina maji ya moto, na hapa msomaji wa Tanzania ana haki ya kuinua mkono. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya Magamba huko Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aisikrimu ulioingizwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha majaribio yao, na tangu hapo jambo hilo linabeba jina la Mpemba duniani kote. Wanafizikia wanaendelea kubishana juu yake. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakupata ushahidi wa kutosha. Kwa mfugaji, ubishi huo una funzo dogo la matumizi: hakuna faida ya kubeba maji yanayochemka. Maji ya moto sana hupoteza joto kwa kasi, hujaza banda mvuke, na kuku hayagusi hadi yapoe. Maji ya vuguvugu, karibu na joto la mwili wetu, yana akiba ya kutosha na hunywewa papo hapo. Ukiwapelekea asubuhi wanaposhuka, watakunywa wakiwa wamesimama wamekizunguka chombo, na nusu ya kazi ya siku imekwisha.

Njia hii ya kubeba maji ndiyo inayodharauliwa kupita kiasi. Mwenye kuku sita anahitaji lita moja na nusu kwa siku. Mabeseni mawili ya mpira mweusi, lile laini linaloweza kukunjwa, yanamtosha: moja liko bandani, jingine ndani ya nyumba likiyeyuka. Lililoganda linageuzwa, linapigwa teke, na donge la barafu linatoka zima. Plastiki ngumu haivumilii hivyo, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9 na chombo kinapasuka. Mpira mweusi nao hunyonya jua la mchana, hata jua lile la Januari linalopita chini kabisa mwa anga. Mizunguko mitatu kwa siku, asubuhi, mchana na kabla ya giza, inawatosha kuku wa mtu anayeshinda nyumbani. Naiona kuwa njia bora kwa kundi dogo, na sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi kifedha. Anayebeba maji mara tatu huwaona kuku wake mara tatu. Anagundua mapema aliyejikunyata, aliyekonda, na yai lililopasuka kwa baridi kabla wengine hawajazoea kula mayai.

Wapo wanaosema kuku anaweza kula theluji. Anaweza, na ataidonoa. Ila theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa. Robo lita ya maji inahitaji takriban lita mbili na nusu za theluji, na mwili wa kuku, wenye joto la nyuzi 41 hivi, ndio utakaolipa gharama ya kuiyeyusha. Nikipiga hesabu kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri, ni karibu sehemu ya kumi ya nguvu yote aliyoipata kwenye chakula cha siku. Kwa jogoo wa kienyeji asiyedaiwa chochote, hilo halivunji nyumba. Kwa kuku anayedaiwa yai, ni kumchukulia chakula kwa mkono wa nyuma.

Kwa anayetoka alfajiri na kurudi usiku, mizunguko mitatu haiwezekani, na hapo umeme unaingia. Vifaa vinavyouzwa ni vya aina chache. Kuna bakuli lenye waya wa joto kitakoni, lile lililobuniwa kwa ajili ya mbwa, la wati 60 hivi. Kuna sahani ya umeme ya wati 125 inayowekwa chini ya chombo cha bati. Kuna ndoo zenye kipasha joto ndani yake, wati 100 au zaidi. Na kuna vile vya mabirika ya ng'ombe na farasi, wati 1,000 hadi 1,500, ambavyo mwenye kuku kumi hana haja navyo kabisa.

Bakuli la wati 60 likiwaka mfululizo hula uniti 1.44 kwa siku. Kwa bei ya senti 15 za dola kwa uniti, ni kama senti 22 kwa siku. Si pesa ya kutisha, lakini wengi hujaribu kuipunguza kwa kuzima kifaa usiku, kwa hoja ileile niliyoitetea hapo juu kwamba kuku hanywi gizani. Hesabu hapa inageuka. Lita tano zikiganda usiku, kifaa cha wati 60 kitachukua karibu saa nane kuziyeyusha, hata kama hakuna joto linalopotea njiani. Utawasha alfajiri na maji yatapatikana alasiri, kuku wakijiandaa kulala. Ukitaka kuzima usiku, mwaga maji jioni, asubuhi jaza upya. Usipotaka kumwaga, acha kifaa kiendelee chini ya themostati. Njia ya katikati haipo.

Themostati yenyewe ina mtego wake. Zile za bei nafuu ni soketi ndogo inayowasha hewa ikishuka kufikia nyuzi 2 hivi na kuzima ikipanda hadi 7. Kinachopimwa ni hewa iliyoizunguka soketi. Ukiichomeka ndani ya gereji yenye joto na kuvuta waya mrefu hadi bandani, soketi itaendelea kuamini kwamba hakuna baridi huku maji ya kuku yakiwa jiwe. Ikae nje, mahali pamoja na maji, ila isiloweshwe.

Na usalama ndio jambo ambalo sitalipunguzia sauti. Banda la kuku ni mbao kavu, maranda, manyoya na vumbi. Kila majira ya baridi mabanda huungua Marekani na Kanada, na mara nyingi chanzo ni taa ya joto ya wati 250 iliyofungwa kwa kamba au klipu, ikaangushwa na kuku aliyeruka. Taa hiyo haihitajiki kwa maji, na kuku mzima mwenye manyoya kamili, aliyekingwa na upepo na unyevu, haihitaji hata kwa mwili wake. Chochote cha umeme bandani kichomekwe kwenye soketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja, kwa waya mmoja uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, usiounganishwa na mwingine njiani, uliopandishwa juu pasipofika midomo na kucha. Kabla ya kuingia kwenye soketi, waya uachwe ulegee chini kidogo ili matone yadondokee sakafuni.

Wazee wa vijijini Marekani walikuwa na kifaa chao: kopo la biskuti la bati, tundu ubavuni, na balbu ya wati 40 ndani yake, chombo cha maji kikikaa juu. Kilifanya kazi vizuri kwa sababu balbu ya zamani ilikuwa jiko zaidi kuliko taa. Sehemu kubwa mno ya umeme wake ilitoka kama joto. Tangu Agosti 2023 kanuni za serikali ya Marekani zimeziondoa karibu balbu zote za kawaida za aina hiyo madukani. Balbu za LED zilizochukua nafasi yake hazina joto la maana, na anayefuata maelekezo ya zamani kwa balbu mpya anapata kopo lenye mwanga na maji yaliyoganda.

Je, jua? Swali hili linaulizwa sana na watu ambao banda lao liko mbali na nyumba. Nami ningependa jibu liwe zuri kuliko lilivyo. Paneli ya wati 100 katika Desemba ya kaskazini, siku ya kawaida, inaweza kukupa wati-saa 200 au 250. Bakuli dogo likiwaka siku nzima linataka 1,440. Hata themostati ikipunguza mahitaji kwa nusu, bado unahitaji paneli tatu au nne na betri kubwa, na betri zina matatizo yao: za risasi hupungua uwezo kwenye baridi, na za lithiamu za kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Pesa hiyo ingenunua mabeseni ya mpira ya maisha yote. Penye mwanga wa jua bila umeme, cha kufanya ni kulitumia lile joto moja kwa moja: weka maji upande wa kusini, nyuma ya karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga na kuzuia upepo, ndani ya tairi kuukuu lililojazwa povu gumu. Chombo kiwe kirefu chenye mdomo mwembamba. Sinia pana hutoa joto kwa uso wake wote. Kinga ya namna hii haizuii barafu, inaichelewesha, na kucheleweshwa kwa saa chache ndiko tunakokutafuta.

Umbo la chombo lina jambo jingine ndani yake, na hili halisemwi vya kutosha. Jogoo wa aina ya Leghorn ana upanga mkubwa kichwani na ndevu ndefu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Anapokunywa kwenye bakuli wazi, ndevu zinachovya majini. Kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri maji hayo yanaganda juu ya nyama, nyama inakuwa nyeusi na kufa. Tulichomwekea kimsaidie ndicho kilichomjeruhi. Mtawa mmoja wa Quebec, Bruda Wilfrid Chatelain wa abasia ya Oka, aliona majogoo wenye panga kubwa hawaifai Kanada, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaanza kuchanganya mbegu hadi akapata kuku aitwaye Chantecler, mwenye upanga mdogo uliolala na ndevu ambazo karibu hazionekani. Mwaka 1921 kuku huyo aliingizwa rasmi katika orodha ya viwango vya kuku ya Marekani. Badala ya kubadilisha chombo, Chatelain alimbadilisha mnywaji. Asiyekuwa na Chantecler anaweza kutumia vinyweo vya chuchu, vile vidogo vya chuma ambavyo kuku huvidonoa na tone likatoka. Vinavyofungwa ubavuni mwa ndoo vinafaa zaidi kuliko vinavyoning'inia chini, kwa kuwa vya chini hudondosha na tone la mwisho huganda na kuziba tundu. Ndani ya ndoo hiyo huwekwa kipasha joto kidogo. Kichwa kinabaki kikavu, maranda yanabaki makavu.

Ukavu huo unaamua pia maji yakae wapi. Ndani ya banda ni joto zaidi, hivyo wengi huyaingiza humo. Lakini bakuli wazi lenye joto hutoa mvuke usiku kucha, kuku wenyewe wanapumua unyevu, kinyesi kinatoa wake, na unyevu huo ukitua kwenye panga zao huleta yaleyale majeraha. Mwenye hofu huziba matundu ya hewa kuhifadhi joto, na hapo huongeza amonia juu ya unyevu. Maji wazi yakae nje ya chumba cha kulala, chini ya paa. Yasikae uwanjani pasipo paa wala wavu, kwa sababu nchi nzima ikiwa imeganda, bakuli lako ndilo kisima pekee cha mtaa. Ndege wa porini watakuja, na tangu 2022 ndege hao wamekuwa wakibeba mafua yaliyotajwa hapo juu.

Mashamba makubwa hayana habari na haya yote. Kuku mmoja wa mayai hutoa joto la takriban wati 10. Elfu ishirini katika jengo moja lililozibwa vizuri ni kilowati 200, na mabomba yao hayagandi hata nje kukiwa na dhoruba. Kuku sita wa uani hutoa wati 60, sawasawa na lile bakuli la umeme, lakini joto lao linatoka kwa matundu ya hewa ambayo hatuwezi kuyaziba.

Hoja yangu ya saa za mchana ina mpaka wake, na mpaka huo ni taa. Anayetaka mayai mengi majira ya baridi huongeza mwanga bandani ufike muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na kwa kawaida huwasha alfajiri, saa kumi au saa kumi na moja. Kuku wakiamshwa watakula, na wakila watataka maji saa ile ambayo baridi iko kileleni. Huko Fairbanks, Alaska, ambako mchana mfupi zaidi wa Desemba ni chini ya saa nne na wastani wa baridi ya usiku Januari ni nyuzi 27 hivi chini ya sifuri, hakuna mayai bila taa na hakuna maji bila umeme. Kwa mazingira hayo beseni la mpira haliwezi kuwa njia ya kwanza.

Laweza kuwa ya pili, na linapaswa kuwa. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na nyaya kutoka Ontario na Quebec hadi Maine; mamilioni ya watu walikaa bila umeme, wengine kwa majuma. Mwenye sahani ya wati 125 na chombo kimoja cha bati hana la kufanya siku kama hiyo. Kabla ya Novemba kwisha, awe na mabeseni mawili ya mpira yaliyotundikwa ukutani, ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba yenye maji ya kuku ya siku tatu, na namna ya kupasha maji moto isiyotegemea waya.